Kinaliwa Kikitoka Mtoni

Mlio wa kwanza ulionitia hofu katika kazi hii ulitokea juu ya kichwa changu saa sita za mchana, mkavu na mfupi, kama kijiti kinachovunjwa karibu na sikio. Ukafuata wa pili upande wa kulia, kisha mitatu mfululizo kutoka bondeni. Katika miaka ile mlio wa namna hiyo ulikuwa na maana moja tu kwa watu wa kwetu, nami nikafanya kama nilivyofundishwa utotoni kule Buigiri: nikatupa mzigo, nikalala kifudifudi, nikafunika kichwa kwa mikono. Nikiwa katika hali hiyo nilianza kuhesabu bunduki kwa kufuata mwelekeo wa kila sauti. Nilikuwa nimefika ya nne niliposikia mtu anatafuna. Alikuwa Fundi Salimu, mkuu wangu wa kazi tangu asubuhi ya siku ile, ameketi juu ya jiwe akila karanga.

"Wamekufa wangapi, Mama Mwalimu?" akaniuliza.

"Sijui, Fundi. Lala chini."

"Inuka. Hakuna anayepiga. Miti inazaa."

Akaokota kitu karibu na kiwiko changu, akakiweka kiganjani mwangu: nusu ya ganda la mti wa mtundu, gumu kama pembe, limejisokota. Ganda hilo likishakaushwa na jua la mwisho wa kiangazi hujipasua kwa nguvu na kurusha mbegu zake mbali, na kilima kizima cha mitundu kikipasuka siku moja, mtu mgeni ana haki ya kuamini kwamba vita vimeanza. Fundi alinitaka nipime mbegu moja imeruka hatua ngapi kutoka shinani, niandike. Nikapima mara tatu, kwa sababu hatua zangu hazikuwa sawa, kisha nikaandika kikaratasi changu cha kwanza. Kipo hadi leo katika sanduku la tatu, na mwandiko wake ni wa mtu aliyeandika akiwa juu ya punda.

Ninaanza na aibu hiyo, ndugu zangu mliobaki katika banda la kukaushia mimea, ili mjue kwamba woga haukunizuia kuifanya kazi hii, na usahihi haukuniondolea woga. Nimeiacha mwezi uliopita kwa kuwa mkono wa kulia umeanza kutetemeka, safari hii bila mlio wowote, na kikaratasi cha jina hakiusamehi mkono unaotetemeka. Mmeniomba niwaandikie nilivyofanya. Nitawaandikia pia nilivyokosea, maana hilo ndilo lililonifunza zaidi.

Niliingia kazini kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, kisha nikaongezewa miaka miwili ya kusomea ualimu, jambo lililowafanya watu wa nyumbani waniulize kama mara ya kwanza sikuelewa. Mjerumani aliyepewa kulisimamia pori la serikali, ambaye watu walimwita Bwana Majani, naye akajua na akanyamaza, alihitaji mtu wa kuandika majina ya mimea kwa herufi ndogo. Mume wangu Yona alikuwa mnyapara wa wapagazi wake. Akamwambia, "Mke wangu huandika kama sisimizi anavyotembea." Nikachukuliwa kwa majuma mawili ya majaribio, ambayo hakuna aliyekumbuka kuyamaliza. Mimea wakati huo niliijua kwa namna mbili tu: inayopikwa na inayopikia.

Pori lenyewe liko mwendo wa siku mbili magharibi ya Dodoma. Juu ni vilima vya mitundu, chini ni vichaka vya miiba, na katikati unapita mto wa mchanga ambao hupata maji miezi michache kwa mwaka, na miezi iliyobaki huyaficha. Jina lake la karatasini lilikuwa refu. Wagogo waliokuwa wakichunga na kurina asali humo kabla halijafungwa waliliita Marufuku, kwa kuwa hilo ndilo neno walilolisikia kila walipolikaribia. Nimefaidika na pori lile kuliko watu waliozaliwa ndani yake. Jambo hilo nimelipima mara nyingi na halijapata kutoka sawa. Nalitaja ili lisisahauliwe.

Fundi Salimu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtoto wa wakulima wa milimani, Mwislamu asiyekosa sala hata siku tuliyofukuzwa na nyuki; siku hiyo aliswali akiwa na jicho moja lililofumba kwa uvimbe. Kukausha mimea alijifunza alipokuwa mpagazi wa msafiri mmoja, na herufi alizozijua zilikuwa za Kiarabu tu. Tukapatana: yeye anifundishe miti, mimi nimfundishe herufi za Kizungu. Kitabu chake cha kusomea kilikuwa vikaratasi vyangu. Kazi ikiisha tulikaa mlangoni pa banda tukavisoma kwa sauti kimoja kimoja, kwa zamu, yeye akinisahihisha mimea, mimi nikimsahihisha matamshi, na kila mmoja wetu akiamini kwamba ndiye mwalimu.

Zana zetu zilikuwa chache. Kibanio cha kukaushia mimea kilikuwa mbao mbili za fito zilizopishana, na mikanda miwili ya ngozi. Katikati tulitia magazeti ya Kijerumani yaliyokwisha kusomwa. Habari zote za Ulaya nilizipata zikiwa na miezi mingi na jani juu yake. Karatasi hubadilishwa kila siku kwa siku tano za mwanzo. Atakayewaambia siku ya tatu inaweza kurukwa hajawahi kufungua kibanio chenye ukungu. Miguu ya rafu isimame ndani ya makopo ya majivu, na majivu hayo yatazamwe kila Jumamosi, kwa maana mchwa hajui Kilatini. Hula jamii zote.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa mshubiri. Niliubana kwa nguvu za mikanda yote, nikabadilisha karatasi kama ipasavyo, na baada ya majuma matatu nikafungua nikaukuta umechanua. Nikarudi kwenye daftari kutafuta kosa langu, nikasoma kila siku ya kila juma, sikuliona. Fundi Salimu alinikuta hapo.

"Hujakosea," akasema. "Mwenyewe hajajua kwamba amekufa. Mwambie kwa maji ya moto."

Tangu siku hiyo kila mmea wenye maji mengi huchovywa kwanza katika maji yanayochemka. Mnadhani ni kanuni ya kitabu. Ni kanuni ya Kondoa.

Wanyama tuliwaandika kupitia midomo yao. Daftari lilikuwa na safu iliyoitwa Mlaji, na humo tuliandika ni nani anayekula mmea huo, sehemu gani, na katika mwezi gani. Ilikuwa kazi ya kukaa kimya. Niliwahi kukaa siku mbili nikimtazama tandala dume kwenye kichaka kimoja, kwa sababu sikuwa na hakika kama alikuwa anakula jani au anavunja kijiti ili afike kwenye jani la nyuma yake, na mambo hayo mawili hayaandikwi mahali pamoja. Siku ya pili Fundi aliniletea maji akaninong'oneza, "Mama Mwalimu, kwa nini usimuulize." Mara nyingine digidigi aliingia bandani mchana kweupe akala sampuli moja tu tuliyokuwa nayo ya mmea ambao Bwana Majani alikuwa ameutafuta msimu mzima. Nililia. Fundi akachukua daftari, na kwa herufi zake mpya, kubwa kama vifaranga, akaandika katika safu ya Mlaji: digidigi, yote.

Kuhusu majina alikuwa na sheria moja. "Jina la mmea usilichukue kwa mtu mmoja. Muulize anayechunga, muulize anayepika, muulize anayetibu. Wakipatana, andika. Wasipopatana, andika yote matatu, na uandike nani kasema lipi." Sheria hiyo nimeifuata mpaka siku yangu ya mwisho. Ilinifikisha pia kwenye neno ambalo sikuweza kulisema.

Katika vichaka vya kando ya mto huota mmea wa kutambaa wenye miiba. Majani yake yamekaa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, na shina lake huuzungukia mti kwa upande wa kushoto. Chini una kiazi kikubwa cheupe kinachomtamanisha mwenye njaa. Kina sumu. Kikimenywa, kikakatwa vipande vyembamba na kulazwa siku kadhaa katika visima vya mchanga wa mto, maji yakibadilishwa, kinaliwa, na kimeokoa vijiji vizima. Kikipikwa bila kulowekwa, mlaji hushikwa na kizunguzungu, kisha mwili hufa ganzi, na wengine hawaamki. Mchungaji, mpishi na mganga wote walinipa jina moja: ndiga. Mwaka wa njaa aliozaliwa baba mkwe wangu, mama yake aliishi kwa kiazi hicho, na mtoto akampa jina hilo hilo.

Kwetu mke hatamki jina la baba wa mumewe, hata likiwa jina la kitu kingine. Wanawake wote wa tembe letu tulikiita kiazi hicho "cha mtoni", kwa sababu hulazwa mtoni, na hakuna aliyepotea. Lakini kikaratasi kilikuwa kinanisubiri mezani. Kwa siku mbili nilijiuliza kama kuandika ni kutamka. Na ikiwa kuandika si kutamka, je, kusoma kimoyomoyo nilichoandika? Safari ya nyumbani iliyofuata nikamuuliza mama mkwe, niliyemkuta anasaga mtama.

"Mama, kalamu ikiandika jina la Baba, nimekosa adabu?"

Akasimamisha jiwe. "Kwani kalamu yako ina ulimi?"

"Haina, Mama."

"Basi iache iandike, na wewe ufunge wako."

Nikaandika. Ndiyo sababu hata hapa jina hilo linapita kwenye kalamu bila shida.

Ilibaki shida ya kusoma kwa sauti. Kila tulipokaa na vikaratasi nilihesabu kwa macho zamu itakavyoangukia, nikajiandaa kukohoa. Sikuwahi kukohoa. Kikaratasi kile kilipokaribia, Fundi Salimu alinyoosha mkono akakichukua, hata kama zamu haikuwa yake, akasoma "ndiga", akakilaza kifudifudi, tukaendelea. Alifanya hivyo kwa miaka yote tuliyokuwa pamoja. Mimi, msomi wa shule mbili, nilidhani anakipenda kwa kuwa neno lake ni fupi.

Reli ilipofika Dodoma, banda lilihamishiwa Kikuyu ya hapo Dodoma, karibu na stesheni, ili masanduku yasafirishwe pwani kwa treni. Tembe letu lilikuwa hapo hapo, kwa hiyo nilifurahi. Fundi hakuja. Alisema amekausha majani ya watu kutosha, anarudi Kondoa kupanda yake. Tuliagana mbele ya banda tupu, naye ameshafunga mkeka wake.

"Sasa nani atanisomea?" nikamuuliza kwa utani.

"Utajisomea mwenyewe." Akaweka mzigo begani. "Isipokuwa kile kimoja. Kile utafute mtu."

Akaondoka. Sikutafuta mtu. Niliona haya kumweleza mgeni kwa nini namhitaji, kisha siku zikapita, na kazi ya bandani ilikuwa ya kuandika, si ya kusema. Mtu aliyekubebea jambo kwa miaka mingi bila kukuonyesha uzito wake hukuacha ukiamini kwamba halina uzito.

Ukaja mwaka ambao mvua zilikosa. Mtama uliota, ukasimama urefu wa goti, ukafa. Bwana Majani alifanya jambo ambalo nitamshukuru kwalo daima: aliomba ruhusa kwa wakubwa wake, akaifungua Marufuku ili watu wachimbe na kuchuma chakula humo mpaka mvua zirudi. Akataka pia iandikwe orodha ya mimea ya pori lile, upande mmoja inayoliwa, upande wa pili ya hatari, ipigwe muhuri na kupelekwa kwa wageni wasioijua nchi. Wageni waliokuwa karibu zaidi walikuwa vibarua wa reli, waliopiga kambi kando ya mto wa Marufuku. Wengi wao walitoka mbali, na mgao wao wa chakula ulikuwa umepunguzwa. Bwana Majani mwenyewe akaondoka kwenda vilimani kuwaonyesha watu mipaka, pamoja na Yona.

Karani wa kuandika orodha aliazimwa kutoka bomani. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye mwandiko ambao niliuonea wivu. Mimi nilishika vikaratasi na kusoma, yeye akaandika. Tulikwenda vizuri asubuhi nzima. Kisha mkono wangu ukafika kwenye kikaratasi kile, na hapakuwa na mkono mwingine wa kukichukua.

"Kinachofuata, mama?"

"Kiazi cha mtoni," nikasema.

"Kinaliwa?"

"Kinaliwa kikitoka mtoni."

Akaandika. Nikashika kikaratasi kilichofuata.

Siku tatu baadaye nakala yetu ilirudi bandani ikiwa na muhuri, ili niitie jaladani. Nikaisoma, kwa kuwa siwezi kutia jaladani nisichokisoma. Katika upande wa vyakula salama ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko ule mzuri: *Kiazi cha mtoni. Kinaliwa kikitoka mtoni.* Nikatazama upande wa hatari. Ndiga haikuwamo.

Nataka mlione kosa lenyewe, kwa sababu halikuwa la karani. Aliandika nilichosema bila kuacha herufi. Masikioni mwangu sentensi ile ilisema: kiazi hiki kikishalowekwa na kutolewa mtoni, ndipo kinaliwa. Kwa mtu yeyote mwingine anayejua Kiswahili ilisema: kiazi kilichochimbwa kando ya mto kinaliwa, kipike. Na huyo karani wa pwani, kama angesikia neno "ndiga" mara moja tu, angeliweka upande wa hatari bila kuniuliza, maana kwao pia linajulikana na kuogopwa.

Kwa wenye njaa kando ya mto wa Marufuku, karatasi ya serikali ilikuwa imetangaza sumu kuwa chakula, na nakala ya kambini ilikuwa imekwenda na treni ya siku iliyotangulia.

Sitaficha kwamba niligundua hayo saa tatu za asubuhi na nikaondoka bandani karibu saa saba. Kwanza niliandika barua nzuri ya masahihisho, kisha nikakumbuka kwamba treni ya kuipeleka ilikuwa ya keshokutwa. Nikafikiria mtu wa kukimbia nayo, nikapiga hesabu, nikapata siku mbili. Nikajiambia kwamba katika watu wengi vile hapatakosa mmoja wa kuitambua ndiga kwa macho. Kisha nikajiambia kwamba mwenye kuitambua atabishana vipi na muhuri. Ilibaki simu ya mdomo ya stesheni, ambayo sikuwahi kuishika, na ambayo haikutaka kalamu bali ulimi. Mara mbili nilinyanyuka nikakaa tena.

Aliyeninyanyua alikuwa baba mkwe mwenyewe, aliyepita nje akielekea kwa mbuzi wake. Nikatoka, nikapiga magoti, nikamwamkia nikiwa nimegeuza uso pembeni kama ipasavyo.

"Baba, nahitaji kufika stesheni. Kuna watu watakufa nikichelewa."

"Watu gani?"

"Vibarua wa kambi ya reli. Watakuwa wamechimba cha mtoni, na hawajui kwamba kinalowekwa."

"Hawajui?" Akafikiri. "Kwani hakina jina?"

Mzee alichukua fimbo yake akatangulia, nami nikafuata nyuma hatua kumi, kwa sababu mke wa mtu hakuingia peke yake kwenye kundi la wanaume wa stesheni, na mume wangu alikuwa vilimani. Njia nzima niliyafanyia mazoezi maneno mengine: chenye majani matatu, chenye miiba, cha kulowekwa.

Karani wa stesheni alisema simu ni ya mambo ya treni. Nikamwonyesha orodha na muhuri, nikaweka kidole pale penye kosa, nikamweleza kwa maneno machache kuliko nilivyozoea. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akazungusha mkono wa simu. Baba mkwe alibaki barazani, nje ya mlango, akatugeuzia mgongo.

"Haya, sema," karani akasema. "Na useme kwa nguvu. Inasikia vibaya."

Sauti ilitoka mbali, kama mtu aliyefunikwa kwa mtungi. Ilikuwa ya karani wa kituo kidogo cha kambini.

"Ndiyo, karatasi ya vyakula tumeipata," akasema. "Wamefurahi sana, mama. Leo ndiyo wamechimba. Viazi vikubwa kama kichwa cha mtu."

"Ina kosa. Kiazi cha mtoni kisiliwe."

"Cha wapi?"

"Cha mtoni."

"Naam, wamechimba mtoni. Imeandikwa kinaliwa kikitoka mtoni. Tumefuata."

"Maana yake kikishalowekwa."

"Kikishafanyaje?"

"Kilowekwe. Ni kile chenye miiba, kina majani matatu."

"Mama, huku hata mawe yana miiba. Ngoja kidogo, wapishi wananiita. Nadhani vimeiva."

"Usiende," nikasema. "Ni ndiga."

Lilitoka dogo, nusu yake ndani ya mkono niliokuwa nimeuweka mdomoni bila kujua.

"Ni nini?"

Nikauondoa mkono. "Ndiga."

"Naam," akaitika baba mkwe kutoka barazani, kama mtu yeyote anavyoitika anapoitwa.

Karani wa stesheni aliinua uso. Katika simu palikuwa na mkwaruzo tu. Nilisikia fimbo ikigonga sakafu mara mbili, na mzee akasimama mlangoni. Kwa miaka yote niliyokuwa mke katika nyumba yake sikuwahi kumtazama usoni; sasa nikamtazama.

"Umeniita?"

"Nimekuita, Baba."

"Huko wamesikia?"

"Hawajasikia."

"Basi niite tena."

Nikaugeukia mdomo wa simu, nikalisema kwa sauti niliyokuwa nikiitumia zamani kunyamazisha darasa, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka watu wa barazani wakaacha mazungumzo yao. Upande wa pili sauti ikasema, taratibu kabisa, "Ndiga? Hii ni ndiga?" kisha nikasikia kitu kikiangushwa na miguu ikikimbia. Nikabaki na chombo sikioni. Kelele zilikuja kutoka mbali, bati likagongwa, mtu akalalamika, mwingine akamkemea. Mzee hakuondoka mlangoni, nami sikugeuza uso.

Yule karani aliporudi alikuwa anahema. "Vilikuwa vimepakuliwa," akasema. "Hakuna aliyekula. Tumemwaga vyote, na vibichi tumevifungia. Vinalowekwa siku ngapi?"

Nikamuuliza baba mkwe, naye akasema siku tano, kwa kuwa maji ya mwaka ule yalikuwa machache, na wamwonjeshe mbuzi kwanza. Nikayapeleka maneno yake kama yalivyo.

"Natakiwa kuandika kitabuni nani amepiga," akasema karani wa kambini. "Niandike nani?"

"Andika mkaza mwana wa Ndiga," nikasema, nikamtajia jina hilo herufi moja moja, ili asikosee.